Mtoto Anayesoma kwa Mtandao Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kulinda Macho, Mgongo, Usingizi na Moyo Wake

Kila muhula napokea malalamiko yaleyale kutoka kwa wazazi wa wanafunzi ninaowafundisha hisabati kwa mtandao, walioko Mombasa, Dar es Salaam hadi Maskati. Mtoto anaumwa kichwa ikifika alasiri. Macho yanamwasha. Usiku halali, asubuhi haamki. Amenuna, hata kutumwa dukani hataki.

Mzazi anamnyang'anya simu. Siku tatu nyumba nzima ina vita. Siku ya nne kuna jaribio la darasani, simu inarudishwa, na kila kitu kinarudi palepale.

Nimeliona hilo mara nyingi, na nimeamini kwamba tunaanzia pasipofaa. Shule ya majengo ilimpa mtoto vitu ambavyo hakuna aliyeviandika kwenye ratiba: mwendo wa kwenda na kurudi, ubao ulio mbali na macho, kengele ya kumwinua kitini, jua la mapumziko, na wenzake wa kucheka nao. Masomo yalipohamia kwenye kioo cha simu au kompyuta, hivyo vyote viliachwa nyuma. Kazi yako ni kuvirudisha, kimoja baada ya kingine.

Mpango huu ni wa siku 21, kwa mtoto wa miaka 8 hadi 17. Fuata mpangilio. Wengi wanaoshindwa huanza na usingizi, kwa sababu ndio unaowakera zaidi, ilhali usingizi hautengemai kabla ya mchana kutengemaa.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Daftari dogo na kalamu.
- Meza isiyotikisika na kiti chenye egemeo.
- Vitabu vinene vitatu, au tofali lililofungwa gazeti, vya kuinulia kioo.
- Kanga au taulo.
- Ndoo ndogo au kigoda cha kuwekea miguu.
- Futi ya fundi cherehani na uzi.
- Saa ya kengele. Hii usiruke. Simu ikiwa ndiyo saa ya kumwamshia mtoto, simu italala naye.

Kama hamna meza, tumia mkeka. Mtoto akae mgongo ukiwa ukutani, ndoo iliyopinduliwa iwe mbele yake, simu juu ya ndoo. Nimefundisha wanafunzi waliokaa hivyo mwaka mzima wakiwa salama kuliko wenye sofa.

Usinunue miwani ya kuchuja mwanga wa buluu. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliotoka mwaka 2023 ulikusanya tafiti zilizokuwepo na haukuona kwamba miwani hiyo inapunguza uchovu wa macho kwa wanaotumia kompyuta. Pesa hiyo nunulia kiti.

## Hatua ya 1 (siku ya 1 hadi 3): Andika, usibadilishe chochote

Kwa siku tatu andika mambo matano: saa aliyolala na kuamka, saa maumivu yalipoanza na alikuwa amekaa wapi, muda mrefu zaidi aliokaa bila kuinuka, dakika alizokuwa nje ya nyumba, na kama alionana ana kwa ana na mtoto wa rika lake.

Kwa nini: "Anaumwa kichwa kila siku" mara nyingi si kweli. Mama mmoja aliandika akagundua kwamba binti yake wa kidato cha kwanza aliumwa Jumanne na Alhamisi tu. Siku hizo mdogo wake naye alikuwa na vipindi, akachukua meza, na dada akahamia kitandani. Walikuwa wameshanunua vidonge vya mwezi mzima.

Tahadhari: Andikeni pamoja, daftari likae wazi. Ukimwandika kwa siri, siku atakayoliona utakuwa umempoteza kwa hatua zote zilizobaki.

Umefaulu ukiweza kutaja saa maumivu yanapoanza na mahali anapokuwa amekaa, bila kubahatisha.

## Hatua ya 2 (siku ya 4 hadi 6): Mtoe kitandani

Mtazame mtoto anayesomea simu kitandani. Amelala kifudifudi, kidevu kimezama kwenye mto, simu imeegemezwa ukutani, viwiko viko godoroni, shingo imepinda kwenda juu kama ya kobe anayechungulia. Ukimwita, anageuka mwili mzima kwa sababu shingo imekaza. Baada ya vipindi viwili kichwa kinamgonga kuanzia kisogoni. Kidonge kitatuliza leo, na kesho kitanda kipo.

Mpange hivi:

1. Makalio yafike mwisho wa kiti. Kunja kanga iwe nene kama mkono wake, uiweke nyuma ya kiuno. Bila kitu hapo, mgongo unajikunja wenyewe akishachoka.

2. Nyayo zikanyage kitu. Viti vya nyumbani ni vya watu wazima. Miguu ikining'inia, mapaja yanabanwa na ukingo wa kiti, naye anaanza kuteleza mbele hadi anakalia mgongo. Hapa ndipo ndoo inapofanya kazi.

3. Viwiko vilingane na meza. Meza ikiwa juu, mwongezee mto wa kukalia, kisha uinue na miguu.

4. Ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini kidogo. Kompyuta mpakato iinuliwe kwa vitabu wakati wa kusikiliza. Akianza kuandika kwa muda mrefu iteremsheni, la sivyo mabega yatapanda hadi masikioni.

5. Pima umbali. Kompyuta iwe kama urefu wa mkono wake ulionyooshwa. Simu isipungue sentimita 40. Kata uzi wa sentimita 40, ubandike ncha moja kwenye ukingo wa meza. Akiona amesogea, anavuta uzi hadi kwenye kope, anajirudisha mwenyewe. Uzi unamsahihisha bila kelele, na mtoto hawezi kubishana nao.

6. Dirisha liwe ubavuni. Likiwa nyuma ya kioo, macho yanapigana na mwanga wa nje. Likiwa nyuma ya mtoto, linang'aa kwenye kioo naye anainama kuukwepa. Usiku taa iwake. Asisomee gizani hata dakika kumi.

Kupima ukali wa mwanga, weka karatasi nyeupe kando ya kioo. Kioo kikionekana kama taa, punguza. Kikionekana cha kijivu, ongeza.

Tahadhari: Maumivu ya mgongo yanayomwamsha usiku, ganzi miguuni au mikononi, au miguu kuishiwa nguvu si mambo ya kiti. Mpeleke hospitali.

Umefaulu ikiwa, baada ya kipindi kizima, anaweza kugusisha kidevu bega la kulia na la kushoto bila kukunja uso.

## Hatua ya 3 (siku ya 7 na 8): Yapumzishe macho

Mtu anapokodolea kioo hupepesa macho mara chache sana kuliko kawaida. Machozi yanakauka, ndipo macho yanapowasha na kuwa mekundu. Pia misuli ya ndani ya jicho inayosaidia kuona karibu inakuwa imekaza muda wote. Darasani, mtoto huandika, anainua macho ubaoni, anarudi daftarini. Misuli hiyo inakaza na kulegea. Kwenye simu hakuna mbali.

Mtengenezee mbali yake. Kila dakika 20 atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20: mnazi, bati la jirani, mnara wa simu. Chagueni kitu hicho pamoja, kiwe kilekile, ili asianze kutafuta. Akiwa anakitazama apepese macho taratibu mara kumi.

Kisha punguza kazi ya kioo chenyewe. Maelezo mengi yanasikilizwa, hayahitaji kutazamwa. Maswali ayanakili daftarini na kuyafanyia humo. Maandishi ayakuze hadi ayasome bila kusogeza uso. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wafunike kioo wakati wa kukokotoa, na kazi zao zimekuwa safi zaidi.

Sasa jaribio dogo la nyumbani. Simameni kizingitini. Afunike jicho moja kwa kiganja, bila kulibonyeza, asome bango la duka la ng'ambo. Abadilishe jicho. Akishindwa kusoma unachokisoma wewe, au jicho moja likizidiwa sana na lingine, apimwe na mtaalamu wa macho.

Tahadhari: Usimpe dawa ya macho ya matone iliyobaki ya ndugu yake, wala ya kununua kwa kukisia. Baadhi zina steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, na zikitumiwa ovyo hupandisha presha ya jicho na kuliharibu.

Umefaulu ukiona hasugui tena macho ikifika saa nane mchana.

## Hatua ya 4 (siku ya 9 na 10): Rudisha kengele

Kila dakika 40 mtoto ainuke kwa dakika tano. Gonga sufuria kwa kijiko ukitaka. Kwetu mdogo wa nyumba ndiye mgonga kengele na hasahau hata siku moja. Akiinuka awe na safari: akachote maji ya kunywa, akaanue nguo, akafunge geti. Kuhama kutoka darasani kwenda kwenye video fupi si mapumziko, maana shingo na macho hayajui kama somo limeisha.

Spika za masikioni ziwe na sauti isiyozidi asilimia 60 ya kiwango cha juu. Ukiisikia wewe uliyesimama pembeni, imezidi. Palipo na utulivu, azivue kabisa.

Ratiba ya shule yenyewe ikiwa haina nafasi ya kuinuka, sema. Niliwahi kufundisha mahali palipopanga vipindi sita mfululizo, na wanafunzi wakawa wanakula chakula cha mchana kamera zikiwa zimezimwa. Mzazi mmoja mmoja alipolalamika alijibiwa kwa upole na hakuna kilichobadilika. Walipoandika barua moja wakiwa saba, wakitaja saa na dakika, ratiba ilifunguliwa.

## Hatua ya 5 (siku ya 11 hadi 13): Rudisha njia ya shule

Kabla ya kipindi cha kwanza mtoto avae nguo za mchana, avae viatu, atoke nyumbani, atembee dakika 15 hadi 20, kisha arudi kama anayefika shuleni. Jioni atoke tena kama anayerudi nyumbani. Wazazi wengi huniona nazidisha nikiwaambia hili. Lakini njia ya shule ndiyo iliyokuwa ikimpa jua la asubuhi, mwendo, na ule mpaka kati ya kulala na kusoma.

Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku, mwili ukifanya kazi hadi kuhema. Matembezi mawili yanakupa nusu. Nusu nyingine ni kamba, mpira, rede, baiskeli, kuogelea, chochote anachokipenda. Usimchagulie.

Macho nayo yanalihitaji jua. Katika mji wa Feicheng, mkoa wa Shandong nchini China, watafiti walichunguza vipimo vya macho vya watoto zaidi ya 120,000. Kabla ya mwaka 2020, watoto wa miaka 6 walioonekana kuwa na shida ya kuona mbali hawakuwahi kuzidi asilimia 5.7. Mwaka 2020, baada ya miezi ya kukaa ndani na kusomea nyumbani, walifika asilimia 21.5. Taiwan, kwa upande wake, imekuwa ikihimiza shule tangu mwaka 2010 ziwatoe watoto nje dakika 120 kwa siku, na idadi ya wanafunzi wenye macho hafifu, iliyokuwa ikipanda mwaka hadi mwaka, ikaanza kushuka. Kivuli cha mwembe kinatosha. Si lazima aungue.

Pwani na kwenye joto, toka kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi. Wa Ghuba miezi ya kiangazi tokeni alfajiri.

Neno kuhusu mabinti, na nalisema kwa uchungu. Msichana akisomea nyumbani, nyumba humwona kuwa yupo. Anaitwa kwenye vyombo, kwa mtoto, kwa mgeni, kati ya kipindi na kipindi, huku kaka yake akiachwa acheze mpira. Mapumziko yake yanaliwa, kisha usiku ndipo anapomalizia masomo. Pigeni hesabu ya kazi za kila mtoto kwenye daftari lile, kwa dakika, na mzigawanye upya.

Umefaulu ikiwa siku tatu mfululizo ametoka jasho nje ya nyumba, na njaa yake ya chakula cha mchana imerudi.

## Hatua ya 6 (siku ya 14 hadi 18): Usingizi, kwa kuanzia asubuhi

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Anayeingia balehe, saa ya mwili wake husogea mbele. Usingizi unamjia kwa kuchelewa bila yeye kutaka. Kumwita mvivu hakusaidii, na kumlazimisha alale saa mbili usiku kutamfanya akodolee dari.

Shika asubuhi kwanza:

1. Chagua saa moja ya kuamka, wikendi ikiwemo. Tuseme saa kumi na mbili na nusu. Jumamosi mwongezee saa moja tu. Akilala Jumapili hadi adhuhuri, Jumapili usiku hana usingizi, na wiki yote imeharibika.

2. Aamke na kutoka nje. Mwanga wa asubuhi ndio unaouambia mwili siku imeanza, na ndio unaoupangia usingizi wa usiku. Njia ya shule ya hatua ya 5 tayari inalifanya hili.

3. Vuta saa ya kulala taratibu. Kama sasa analala saa saba usiku, usiruke hadi saa nne. Vuta dakika 20 kila usiku mmoja au miwili. Siku tano hazitakufikisha mwisho. Endelea hadi ufike.

4. Chai ya rangi, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishe saa tisa alasiri. Chai ya rangi nayo ina kafeini. Tunaisahau kwa sababu ni ya nyumbani.

5. Vifaa vyote vilale sebuleni saa moja kabla ya kulala, na cha kwako kiwemo. Chaja zikae huko huko. Mwanga unachelewesha usingizi, lakini zaidi ni ile mioyo iliyoshikwa: ujumbe wa kundi, mchezo ambao haujaisha, mtu ambaye hajajibu.

Utasikia, "Mama, nina kazi ya kuwasilisha saa tano usiku." Mjibu kwa utulivu, "Tutaiwasilisha saa mbili, mwanangu, nitakaa nawe." Kisha ukae naye kweli. Usiku wa kwanza mtachelewa. Wa tatu atakuwa ameanza kuifanya mchana.

Tahadhari: Usimpe dawa za usingizi, wala za mafua zinazolevya. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usiku apelekwe kwa daktari.

Umefaulu akiamka kwa saa ya kengele akaweza kuzungumza nawe ndani ya dakika 15, siku nne kati ya tano.

## Hatua ya 7 (siku ya 19 na 20): Mrudishie watu

Rafiki wa kwenye kioo ni rafiki, lakini kwenye darasa la mtandao hakuna kunong'ona, hakuna kugawana muhogo, hakuna kutembea pamoja mkiwa mmenyamaza. Tafuta mtoto mmoja wa rika lake anayeweza kuonana naye angalau mara mbili kwa wiki kwa jambo la mikono: madrasa, kwaya, timu ya mtaa, kupika, kufuma. Mmoja tu anatosha kwa kuanzia.

Muulize maswali yasiyohusu alama. "Leo nani alikuchekesha?" Au, "Kuna mtu wa kwenye simu anakusumbua?" Muulize mkiwa mnachambua mchele au mnatembea, macho yakiwa kwingine. Ana kwa ana mezani atakujibu "hakuna kitu".

Sasa dalili ambazo hazingoji siku ya 21. Huzuni au hasira isiyokatika kwa wiki mbili. Kuacha kabisa alichokuwa akikipenda. Kutokula, au kula kwa kujificha. Alama za kujikata mikononi au mapajani. Maneno kama "mngekuwa na raha bila mimi". Ukiyasikia, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani, linamfungulia mlango. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za wadudu anapoweza kuzifikia, na mtafute mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Kenya, Tanzania na Uganda zina simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, ya bure. Ibandike jikoni, ili hata yeye aweze kuipiga bila kukuomba.

Umefaulu ikiwa amekusimulia jambo bila kuulizwa. Hata liwe dogo.

## Hatua ya 8 (siku ya 21): Fungua daftari tena

Kuanzia siku hii andika siku tatu nyingine vilevile kama mwanzo, kisha weka kurasa mbili kando kwa kando, mtoto akiwa pembeni yako. Asome yeye.

Palipobadilika, acheni palivyo, msiongeze sheria. Pasipobadilika, rudini kwenye hatua hiyo tu kwa siku tano. Mara nyingi utakuta kitu kidogo kimeanguka: uzi umeng'oka mezani, ndoo imerudishwa bafuni, chaja imehamia chumbani.

Kama kichwa bado kinauma ilhali kiti, macho, maji ya kunywa na usingizi vimekaa sawa, nenda zahanati na daftari hilo. Daktari atauliza maumivu yalianza lini, saa ngapi, baada ya kufanya nini. Utakuwa umebeba majibu.